Kinywa ni Mgeni, Tumbo ni Mwenyeji

Kinywa ni mgeni, tumbo ni mwenyeji. Mmeisikia leo mezani, pale mmoja wenu aliposukuma mchicha ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemwondoa mjusi kitandani, nanyi mkauliza maneno hayo yalitoka wapi. Aliyesukuma hatatajwa jina, anajijua. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwembigili, kule juu milimani, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Shekiondo, na kazi yake ilikuwa ushenga. Kijana akimpenda binti, Shekiondo ndiye aliyetumwa kwa wazazi wa binti kupeleka posa. Alikuwa amepeleka posa kumi na moja, na zote zilikubaliwa. Hilo alilisema yeye mwenyewe, mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Ushenga wa Kwembigili ulikuwa na sheria zake. Mshenga hakatai chakula cha wakwe. Na akishaketi kwenye kigoda hasimami mpaka mwenye nyumba amwambie, "Simama," maana neno hilo ndilo kukubaliwa kwenyewe. Wakimkataa, humrudishia mkononi fimbo aliyoiacha mlangoni. Lakini akisimama kabla ya kuambiwa, hata kama ni siafu waliomsimamisha, posa imeanguka, na hairudishwi mpaka maharage ya mwaka mwingine yavunwe. Kwa hiyo wenye binti, wakiwa watu wema, walikawia makusudi. Walizungumzia mvua. Walizungumzia ng'ombe aliyekufa zamani. Washenga wengi walishindwa si kwa hoja bali kwa kibofu.

Shekiondo aliitafakari sana hali hiyo, akagundua kwamba adui mkubwa wa mshenga si mjomba wa binti, ni maji. Basi kila msimu wa posa ulipofika aliacha kunywa. Alilowesha midomo tu, kama mtu anayebandika stempu. Chakula chake kikawa ugali mkavu na nyama ya kuchoma, kwa sababu mchuzi nao ni maji yaliyojificha. Mboga za majani hakuzigusa kabisa.

"Mboga anakula mbuzi," alikuwa akisema, "nami namla mbuzi. Kwa hiyo nimekula vyote viwili."

Watu walicheka, naye akadhani wamekubali.

Sasa, mwaka huo posa ya kumi na mbili ilikuwa ya Hoza, mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu akiwa na meno manne. Hoza alimtaka Mwajabu, na Mwajabu alimtaka Hoza, na walikuwa wamengoja miaka miwili. Mwaka wa kwanza mvua iliharibu maharage. Mwaka wa pili babu yake Mwajabu alifariki, nyumba ikawa na msiba. Mwaka huu wa tatu mwenye duka wa bondeni naye alikuwa ameshatangaza kwamba posa ya Hoza ikianguka, yake itapanda mlima siku ya pili yake. Shekiondo alilijua hilo, na lilimkaa moyoni kuliko alivyoonyesha.

Kwa bahati mbaya, wiki hiyo hiyo alikuwa ametoka kumaliza posa ya kumi na ya kumi na moja, na kila nyumba ilimchinjia mbuzi. Asubuhi ya safari ilikuwa siku ya tano tangu aende chooni mara ya mwisho. Vilivyoingia viliingia kwa heshima zote. Hakuna kilichotoka.

Mkewe, Bi Semeni, alimsimamisha mlangoni.

"Mume wangu, umekwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Unajua wapi."

"Mambo hayo hayazungumzwi mlangoni."

"Basi kula hata kipande cha papai. Na maji, kikombe kimoja."

"Nikinywa nitasimama," akasema Shekiondo. "Nikisimama, Hoza hana mke."

Papai likabaki mezani kama lilivyobaki siku zote. Shekiondo akashika fimbo yake na kupanda mlima, akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, ila mtungi wenyewe ulikuwa ndani.

Nyumbani kwa Mwajabu alipokewa na watu wawili wenye kauli. Wa kwanza alikuwa mjomba wa binti, Mzee Kaniki, mwembamba, mwenye macho ya kupima. Wa pili alikuwa Bi Sikudhani, bibi yake Mwajabu, ambaye alikaa pembeni akichambua mboga na kuonekana kama hasikii. Nyumba ilikuwa yake. Fimbo ikaachwa mlangoni, kigoda kikaletwa, na baada ya kigoda ikaletwa sinia ya nyama.

Ninyi mngefanya nini? Tumbo la Shekiondo lilimwomba kwa upole asiongeze mtu kwenye nyumba iliyojaa. Lakini sheria ni sheria, tena nyama ilikuwa ya mbavu. Kinywa chake kikasema, nakula kidogo tu. Kikala finyango la kwanza, la pili, na la tatu ambalo hakuna sheria iliyolitaka.

Kisha Mzee Kaniki akaanza kuzungumzia mvua.

Mazungumzo yalipofika kwenye mvua ya mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji, Shekiondo alihisi tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Jasho likamtoka. Akaegemea kushoto, halafu kulia. Hotuba yake nzuri, iliyofanikiwa mara kumi na moja, ikamponyoka yote, akabaki na mwanzo tu.

"Kijana wetu," akasema, "ni kijana..." Akafumba macho.

"Ni kijana," alisema Mzee Kaniki. "Hilo tumelisikia. Endelea."

"Ni mtu wa... subirini kidogo."

Tumbo likanguruma, mngurumo mrefu wenye vituo. Mzee Kaniki akaweka kikombe chini.

"Shekiondo, mimi si mtoto. Nimepokea washenga wengi hapa. Mshenga anayejikunjakunja akitaja jina la kijana wake, kuna jambo analificha. Huyo Hoza ana nini? Ana ugonjwa? Ana mke mwingine mahali?"

"Hana."

"Basi mbona unatoka jasho?"

Mzee Kaniki akamngoja, kisha akainuka, akaenda mlangoni na kuichukua fimbo. Hatua zake za kurudi zilikuwa nane, na Shekiondo alizisikia zote. Hatua mbili za kwanza alifikiria heshima yake. Hatua ya tatu akamfikiria mwenye duka akipanda mlima. Hatua ya nne akamkumbuka Hoza akiwa na meno manne. Hatua ya tano akafungua kinywa, kile kile kilichomletea balaa.

"Mzee Kaniki, weka fimbo. Hoza hana kasoro. Kasoro ni mimi. Sijakwenda chooni siku ya tano leo."

Kuku mmoja aliyekuwa mlangoni akatazama ndani, akaondoka.

"Siku ya tano," alirudia Mzee Kaniki, taratibu.

"Ya tano. Sinywi maji nisije nikasimama, na sili majani. Nimewala mbuzi wa watu wiki nzima. Nikitoka jasho, ni mbuzi hao. Kijana wangu msimpime kwa tumbo langu."

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoweka chini ungo wa mboga. Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, mpaka akalazimika kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Baba, mimi nimelijua tangu ulipoketi," akasema. "Nimelea watoto wanane na wajukuu sijui wangapi. Mtu aliyefunga choo namjua hata akijifunika blanketi. Nilikuwa nangoja nione kama utasema uongo."

"Bibi, nisamehe. Ile nyama ilikuwa tamu."

"Ilikuwa tamu kwa nani? Kinywa ni mgeni, Shekiondo. Kimekuja, kimekula, kimesifu mapishi, kimekwenda zake. Tumbo ni mwenyeji. Ndilo linalobaki na vyombo. Na wewe mwenyeji wako umemnyima hata maji ya kuoshea."

Mzee Kaniki alijaribu kubaki na uso wa mjomba wa binti. Alishindwa. Fimbo ikarudi mlangoni, naye akarudi pamoja nayo, akicheka akiwa amegeukia ukuta.

"Mtu anayeweza kusema habari ya choo chake mbele ya wakwe," akasema Bi Sikudhani, "hawezi kutudanganya habari ya mpwa wake. Mzee, simama. Mwajabu ni wenu."

Shekiondo akasimama. Yaani alijaribu mara mbili, ya tatu akasimama. Akataka kuaga.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Sikudhani. "Mshenga hakatai chakula cha wakwe. Mimi sijamaliza kupakua."

Akampa maji, kikombe baada ya kikombe. Akampa mshunga, ile mboga chungu ya milimani, pamoja na maharage yaliyoiva mpaka yakalegea. Akampa nusu papai, akamsimamia mpaka mbegu tu zikabaki. Kisha akamwambia Mzee Kaniki amtembeze mgeni shambani, mteremko wote kwenda na kurudi, na njiani amsimulie mvua zilizobaki. Jioni, maji na mshunga tena. Shekiondo akala majani kama mbuzi, na kila tonge alikumbuka wale mbuzi.

Asubuhi, mawingu yakiwa bado yamelala kwenye migomba, Shekiondo aliamka ghafla, akatoka haraka bila salamu. Alikaa huko muda wa kutosha. Aliporudi, alikuwa anatembea kama kijana aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni, na alimwamkia kila mtu, hata yule kuku.

"Umekwenda?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Nimekwenda, Bibi," akasema. "Na nimefika."

Arusi ya Hoza na Mwajabu ilifanyika mwezi uliofuata, na mwenye duka wa bondeni aliuza sukari yote iliyopikiwa chai ya wageni, kwa hiyo naye hakukosa kitu. Mshenga ndiye hupakuliwa wa kwanza. Shekiondo akaletewa sinia, paja la mbuzi juu, ugali pembeni, na bakuli dogo la mshunga ambalo Bi Sikudhani alilituma bila maneno. Watu wote wakaacha kula wamwangalie. Akatazama paja kwa mapenzi ya kweli. Kisha akanywa maji, akamega tonge, akachovya kwenye mshunga.

"Mzee," aliita kijana mmoja kutoka nyuma, "si ulisema mboga anakula mbuzi?"

"Nilisema," alijibu Shekiondo, akitafuna bila haraka. "Na huyu mbuzi nitamla, finyango moja. La pili litakuwa la kinywa, na kinywa kikishiba kinakwenda zake kucheza ngoma. Mimi usiku nalala na tumbo."

Akamtazama Bi Semeni, mkewe, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake. Bi Semeni akachukua kipande cha papai, akakipitisha mkono kwa mkono mpaka kikamfikia mumewe. Shekiondo akakila chote, mbele ya watu, akaufuta mdomo.

Kinywa ni mgeni, wanangu. Tumbo ni mwenyeji. Haya, mchicha ule bado uko pale ukingoni mwa sahani.