Sultani Mardhuki na Bakuli Lililojifunika

Katika mji wa Zahrani, na Mungu ndiye ajuaye ya kale, alitawala Sultani Mardhuki bin Shaibani, mtu karimu na mwenye haya, na mwili wake ukanenepa mwaka hadi mwaka hata magoti yakakataa kukunjika, akawa anaswali kitini. Na sheria ya Zahrani ni kwamba sultani ndiye anayeswalisha Idi, na asiyeweza kuweka paji la uso chini huvuliwa kilemba. Ilibaki miezi saba kufika Idi. Lakini kilichomliza Mardhuki si kilemba. Alisema, "Mola wangu kanipa paji la uso, nami sina njia ya kumsujudia nalo."

Ndipo akaja tabibu mmoja mjane, Bi Rukaiza, na bakuli la shaba lenye kifuniko.

"Maulana, humu amefungwa jini Shamhari. Kula humu mara tatu kwa siku, chochote upendacho, na ukifika kiasi chako litajifunika."

Sultani akalitazama. "Bibi, hili ni bakuli au kikombe cha kahawa?"

"Ni tumbo lako, Maulana, kabla hujalitanua."

Siku ya kwanza kifuniko kilishuka nusura kimkate kidole. "Fungua, mlaaniwa!" akapiga kelele, na jini akajibu kwa adabu, "Nimeshafunga, Maulana. Kanywe maji."

Akavumilia miezi mitatu, kisha akapanda mizani ya kupimia mpunga, na lo! ameongezeka ratili mbili. Akaghadhibika, akaamuru bakuli liyeyushwe.

Jini akasema, "Ewe Maulana, mimi nimefungwa bakulini, sikufungwa kinywani mwako. Jana ulizuru nyumba tisa, na kila nyumba ukala matonge matatu. Umemaliza sinia zima ukiwa njiani."

"Hicho si chakula! Ni heshima. Sultani asipoonja, mwenye nyumba huaibika mji mzima."

"Tumbo halijui heshima, Maulana. Linajua wali."

Sultani akaitengua amri yake, bakuli lisiyeyushwe.

Kesho yake alialikwa harusini kwa Nuhu Badawi, mshona kofia, aliyekuwa akimwoza binti yake, akatandikiwa sinia la pilau linalofuka moshi, naye akaunyosha mkono juu yake. Na hapa nakiri, mimi ninayesimulia ningekula. Yeye akaurudisha mkono, akasema:

"Jamaa zangu, si heshima yenu iliyoninenepesha, ni uroho wangu, nami nimejificha nyuma ya adabu miaka mingi. Leo nimeshakula kiasi changu. Niwieni radhi."

Nuhu akainamisha kichwa kwa fedheha. Lakini mkewe, Mwana Zaituni, akasema nyuma ya pazia, "Alhamdulillahi! Maulana, kila tukisikia unakuja tunashinda na njaa siku tatu ili sinia lako lijae, na tunaona haya kusema."

Sultani akalia mbele ya watu, akaamuru sinia lile liliwe na watoto wa nyumba ile, na tangu siku hiyo mwenye kumkaribisha akampa maji na dua.

Uzito ukashuka polepole, na haukushuka kila siku. Siku nyingine alimwendea tabibu akasema, "Bibi, leo nimekula sambusa nne nyuma ya mlango," naye akamjibu, "Basi tunaanza tena sasa hivi, Maulana, tusingoje kesho."

Ikafika Idi. Sultani akatangulia mbele, akashusha goti moja, akashusha la pili, na paji lake likagusa mkeka. Akabaki amesujudu muda mrefu mno, hata mmoja wa safu ya nyuma akanong'ona, "Kafa?" na swala yake ikabatilika palepale. Hakufa. Alikuwa anashukuru.

Kisha akamposa Bi Rukaiza, naye akakubali, na Mungu akawapa mali na raha na umri.

Na funzo lake, ndugu msomaji, ni kwamba tonge unalolila kwa kumridhisha mwenyeji linaingia tumboni mwako wewe, na siku ya hisabu hataulizwa mwenyeji. Mola atusamehe wenye vinywa vyepesi, na atujaalie kutosheka kabla ya kushiba. Amina.