Kiboko, Pimbi na Magari ya Kiwanda Kimoja

Nije na kisa?

Njoo nacho, tumekaa.

Nikishushe wapi?

Kishushe katikati, tugawane.

Kabla sijakishusha, niungame. Mwaka jana nilikicheka kigari cha katekista wetu. Nilisema ni sanduku la viatu lenye magurudumu. Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni.

Zamani za juzijuzi, Kiboko alikuwa na gari la Kihindi. Pimbi naye alikuwa na gari la Kihindi. Yalitoka kiwanda kimoja, ila hayakufanana hata kidogo. La Kiboko lilikuwa refu, kifua mbele, likinguruma ngurrr, ngurrr. La Pimbi lilikuwa dogo kama kuku aliyelalia mayai, likienda tiki-tiki-tiki.

Wanyama wa mlimani walikuwa wameweka mbegu zao za mahindi ghalani kwa Kiboko, chini bondeni. Mvua za kwanza zikaanza. Wakaenda kuzichukua, Kiboko akafunga mlango, akasema kilicho kwake ni chake. Na mvua zile zikipita hujapanda, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Pimbi akateremka, tiki-tiki-tiki. Mbegu hakuzitaja. Alisema huko mlimani kuna ubishi: kiwanda ni kimoja, basi magari ni sawa.

"Sawa na hicho kifaranga?" Kiboko akauliza.

"Ndiyo nimekuja tulinganishe, mzee. Langu hubeba gunia moja."

Kiboko akafungua ghala, akapakia magunia yote. Gari likatulia tuli.

"Langu limeshindwa," Pimbi akasema. "Ila hupanda mlima."

Kiboko akapanda mlima na magunia yote, ngurrr, ngurrr. Pimbi akamfuata, tiki... tiki... tiki, akafika nyuma sana.

"Langu limeshindwa. Imebaki mbio za kuteremka. Hapo, mzee, magari yakiwa matupu, langu halikamatiki."

Kiboko akayashusha magunia mwenyewe, moja moja, jasho likimtiririka. Wakaondoka. Kwenye kona ya kwanza Pimbi akageuza, maana kigari kidogo hugeuka popote. Kiboko akakimbia peke yake hadi bondeni, akashinda, akakaa mlangoni kwake kungoja sifa.

Alingoja hadi akachoka. Alipopanda tena, magunia yalikuwa matupu na mashimo yote shambani yamefukiwa, mvua inayanyeshea taratibu.

"Mbegu ziko wapi?"

"Ziko ardhini, mzee," Pimbi akasema, mikono imejaa udongo. "Na gari lako limeshinda. Tumekubali sote."

Kiboko akawauliza kama wamekubali kweli. Wakaapa. Akarudi nyumbani akiimba.

Funzo lake ni hili: nunueni gari kubwa, na katika ubishi msikubali kushindwa hata siku moja.

Kisa nimekishusha. Mwenye nafasi akipakie, aende nacho.

Katekista, nakuona umekaa pale nyuma. Nina gunia la maharage ya kupanda, na mvua imeanza. Naomba kesho unipelekee shambani.