Bafu Kavu la Mwenyekiti wa Jumuiya

Wapendwa, hebu leo tupande ngazi kidogo, twende kwenye nyumba moja ya ghorofa. Juu aliishi baba mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa sala ndefu na mashati yaliyonyooka. Chini yake aliishi mama mjane na binti yake.

Bafu la mwenyekiti lilikuwa limeziba. Ukifungua shawa, maji hayaendi. Yanasimama, yanapanda, mpaka unaoga umezama vifundoni kama mtu anayepanda mpunga.

"Baba, tuite fundi bomba," mkewe akasema.

"Fundi aje atuambie nini? Tundu limeziba, lizibuliwe!"

Akatafuta nondo iliyosalia kwenye ujenzi, akavua shati, akaitumbukiza tunduni. Akasukuma. Ikagoma. Akaiinua kwa mikono miwili kama anayetwanga kisamvu, akaishindilia. Pu! Kitu kikaachia kule chini, na maji yote yakashuka kwa mkupuo, yakilia kama mtu anayemalizia supu.

"Umeona?" akamwambia mkewe, jasho likimtiririka. "Maji yanakwenda!"

Ni kweli, yalikwenda. Nani kati yetu angeuliza yanakwenda wapi?

Siku ya tatu mama wa chini akapanda, akabisha hodi. "Mwenyekiti, dari ya sebule yangu inavuja. Na Jumamosi wanakuja watu kumposa binti yangu. Nitawakalisha wapi? Kwenye mvua?"

Mwenyekiti alimhurumia kwa moyo wote. Akampeleka bafuni kwake, akapiga goti, akapapasa vigae.

"Shika mwenyewe, mama. Kuna maji yaliyosimama hapa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba. Bafu lako kavu kuliko sebule yangu."

"Basi hayo hayatoki kwetu. Hilo ni jambo la kuliombea."

Naye aliamini hivyo. Msimcheke bado.

Alhamisi jioni jumuiya ikakusanyika kwa yule mama. Viti vimesukumwa ukutani, sufuria tatu na beseni zimepangwa katikati, kila chombo kikidondokewa kwa sauti yake. Mwenyekiti akaenda kusimama palepale katikati, maana mtu wa imani hakwepi beseni. Akainua mikono, uso juu. Na wakati huohuo, huko juu, mkewe alikuwa ndiyo kwanza anarudi sokoni na vumbi lake, akafungua shawa aoge upesi asije akakosa sala.

"Baba wa mbinguni, fichua chanzo cha maji haya!"

"Fichua!" jumuiya ikaitikia.

"Usimfiche mtu, Baba!"

"Usimfiche!"

"Shusha jibu lako! Shusha sasa hivi!"

Likashuka. Ubao wa dari ulilia, ukapinda, ukamwaga mzigo wake wote juu ya kipara cha mwenyekiti. Akabaki mikono juu, povu limemfunika mpaka masikioni. Akavuta pumzi. Mwarobaini na karafuu. Harufu hiyo aliijua, na jumuiya nzima iliijua, kwa sababu sabuni ile aliipika mtu mmoja tu mtaa mzima.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe akaingia, anang'aa, kitenge kipya kiunoni.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mnisamehe, nilikuwa naoga." Akamtazama mumewe. "He! Baba, kumbe na wewe?"

Mwenyekiti akashusha mikono polepole. Angeweza kumlaumu mwenye nyumba. Angeweza kumlaumu Shetani, ambaye hakuwa hata mpangaji pale. Akafuta povu machoni, akamgeukia mjane.

"Mama, haya maji ni yangu. Bomba nimelitoboa mimi mwenyewe, kwa nondo."

Kesho yake fundi akavunja vile vigae vikavu. Jumamosi wageni wa posa waliketi juu, kwenye makochi ya mwenyekiti, yeye mwenyewe akipita na sinia la chai. Hawakujua kwamba asubuhi ile mwenye makochi alikuwa ameshuka ngazi, taulo shingoni, kuomba mahali pa kuoga kwa yule mjane.

Sasa mcheke. Mkimaliza, tujitazame sisi.

Sisi ni watu wa kuoga. Tunakuja hapa, tunaungama, tunatoka tumetakata. Tunapapasa vigae vyetu: pakavu. Lakini lile neno tulilomtupia dada wa kazi asubuhi ya leo, sisi tumelisahau kabla ya kufunga geti. Yeye bado linamdondokea. Na ile hasira tuliyoishindilia ili nyumba yetu itulie, imetokea kwenye dari ya nani? Kisha tunasikia fulani analia, nasi tunamwombea kwa sauti kubwa, tena kwa machozi ya kweli kabisa. Hatudanganyi. Hatujashuka tu.

Yule baba alijibiwa kabla hajafika kwenye amina. Tukithubutu kuomba kama yeye, tuwe tayari kulowa. Na tukirudi nyumbani leo, kabla ya kukaa mezani, tushuke ngazi. Tubishe hodi. Tuulize kwa sauti ya chini, "Jirani, hapa kwako panavuja?"

Halafu tunyamaze, tumwache aseme.