Wiki ya Wageni Zahanatini

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mtoto wa hadithi hii bado anatambaa, zahanati moja ya milimani Upareni ilikuwa na wakunga wawili, Nakijwa na Elinaza. Wawili tu, na foleni inafika barabarani. Chai ya Nakijwa ilipoa mezani kila siku ya Mungu.

Ikaja habari kwamba mtafiti, Bwana Rwegasira, anakuja kupima tiba inagharimu nini na wauguzi wangapi wanatosha. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Senzota, akatangaza: "Tuna wageni. Mwenye kikohozi akohoe kwake. Mwenye mimba asubiri wiki ijayo. Tusiaibike." Watu wakatii, si mnatujua sisi kwa wageni? Namsifu, mjamzito wa miezi mitano, ndiye aliyefagia uwanja wa zahanati.

Mtafiti akakaa siku tano, saa mkononi, akihesabu dakika. Wagonjwa kumi na wawili kwa siku, basi. Nakijwa akanywa chai ya moto, na nisiwafiche, aliifurahia. Siku ya mwisho mtafiti akamwuliza, "Sista, siku zote huwa hivi?"

Nakijwa akamtazama mwenyekiti aliyesimama mlangoni. Akasema, "Ndiyo, huwa hivi."

Haukupita mwezi, ripoti ikasema mkunga mmoja anatosha, Elinaza akahamishiwa bondeni.

Siku ya Namsifu kujifungua ilipofika, asubuhi kweupe, walikuja wajawazito wawili wenye uchungu kwa mpigo. Wa kwanza, mtoto wake alitanguliza miguu, na mikono yote ya Nakijwa ilikuwa huko. Chumba cha pili Namsifu akajifungua mikononi mwa mama yake, Bibi Nanzia, damu ikakataa kukatika.

"Nesi, njoo."

"Nakuja, mama."

Mara tatu Bibi Nanzia aliita, mara tatu alijibiwa. Nakijwa alipoingia, kichanga kilikuwa kinalia na Namsifu amenyamaza.

Siku ya kuondoa matanga walikuja wote. Bibi Nanzia akampakata mjukuu, akasema, "Sikuwaita niwatukane. Huyu atakua, ataniuliza mama yake alikufaje. Mmoja wenu atakuja kumwambia: ni mimi."

Mtafiti akasema, "Mama, niliandika nilichokiona. Nikauliza, nikajibiwa. Ningeandika nini kingine?"

Mganga mkuu wa wilaya, aliyemhamisha Elinaza, akasema, "Bondeni hapakuwa na mkunga hata mmoja. Tangu Elinaza afike, hatujazika mzazi kule. Ningewaambia wao wafe?"

Mwenyekiti akasema, "Nilidhani wakiona vurugu watatufungia zahanati. Nilikiepusha kijiji na aibu. Na nyie mlikubali, hata marehemu alishika ufagio."

Hapo watu wakainama.

Nakijwa alikuwa na maneno yake: kwamba aliona haya, kwamba mwenyekiti alikuwa mlangoni, kwamba siku ile asingeweza kumwacha yule wa miguu, na mtoto yule yuko hai. Yote ya kweli. Lakini kila alipofumbua kinywa alisikia "Nesi, njoo," akakifunga. Aliumia jamani, aliumia sana.

Bibi Nanzia akangoja. Bado anangoja, na mtoto ameanza kushika ukuta asimame.

Haya, nyie mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni: nani anastahili kwenda kumwambia, "Ni mimi"?