Macho ya Gari la Zubeda

"Jicho likibanduliwa hufunzwa njia upya." Ndivyo alivyosema kocha wenu leo alipomzuia Sefu asiingie uwanjani, naye ametolewa plasta ya mguu asubuhi hii tu. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza jicho na mguu vinahusianaje. Methali hiyo ilianzia kwetu Usambaa, na wenyewe niliwajua. Ilikuwa hivi.

Zubeda Shemdoe alikuwa mwalimu wa hesabu, akiishi Moshi na mdogo wake, Hoza. Alikuwa na gari la umeme lenye kamera mbele na ubavuni. Kamera hizo ndizo macho yake: kwazo huiona mistari ya barabara, na likiruhusiwa hushika usukani na breki lenyewe. Siku moja lori lilirudi nyuma likaligonga, nguzo ya mlango ikapinda na kioo cha mbele kikavunjika. Fundi Elirehema aliinyoosha bodi, akaweka kioo kipya, akazirudisha kamera alikozitoa.

Zubeda alikuwa gereji kulichukua gari lake simu ilipoingia kutoka nyumbani kwao, milimani Usambaa. Baba yao amefariki. Watamzika baada ya swala ya alasiri.

Fundi alimpa pole, ila hakuuachia ufunguo. Alimweleza kuwa kamera zimekaa tofauti kidogo na zilivyokuwa, na gari bado linakumbuka mkao wa zamani. Lazima kumbukumbu hiyo ifutwe, kisha liendeshwe taratibu kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, mpaka lijisahihishe. Zubeda alisikia nusu ya maneno hayo. Alikuwa akizungusha pete kidoleni, akitazama geti. Alisema atafanya hayo akirudi, akauchukua ufunguo, akampitia Hoza, wakashika njia.

Zubeda aliyapita malori moja baada ya jingine, na kila alipolazimika kupunguza mwendo alipiga usukani kwa kiganja. Hoza hakujua kuendesha; angejua, angempokea. Walipoiacha Same machozi yalimziba macho, akaliruhusu gari lijiongoze ili apate kuyafuta.

Karibu na Hedaru gari liliona mstari mahali pasipo na mstari. Lilikata kushoto ghafla, likatoka kwenye lami, likazoa ndoo za vitunguu za mama mmoja aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Zubeda aliwahi breki. Waliposhuka, yule mama alikuwa amekaa chini. Hakuguswa, lakini vitunguu vyake vilikuwa vimetapakaa hadi mtaroni. Zubeda alipiga magoti akamshika mikono, akamwomba radhi.

Hoza alimpigia fundi. Kwanza fundi aliuliza kama kuna aliyeumia. Kisha akawaelekeza namna ya kuifuta ile kumbukumbu kwenye skrini ya gari.

"Sasa dada, kaa katikati ya mistari," alisema. "Mwendo mmoja, usiyapite magari. Litakuambia lenyewe likishaona sawasawa. Kabla ya hapo usipande nalo mlimani. Breki zinaweza kushika zenyewe kwenye kona."

"Nitamkosa baba," Zubeda akasema.

Fundi akamjibu: "Naelewa, dada. Lakini huyo mama wa vitunguu umemkosa kwa bahati tu."

Wakaondoka tena, safari hii nyuma ya lori lililojaa mkonge. Mabasi yaliwapita yakipiga honi. Hoza alitazama saa, akatazama barabara, akatazama saa tena, hadi dada yake akamwomba aivue aitie mfukoni. Baba yao mdogo alipiga simu kutoka msibani kuuliza wamefika wapi, akapiga tena, na mara ya tatu hawakupokea. Mguu wa Zubeda ulitaka kukanyaga, naye akauzuia, huku akiuma meno. Mombo ilikuwa inaonekana gari lilipowaarifu kwamba limemaliza. Ndipo wakaanza kupanda.

Walikuta wanaume wanarudi kutoka kaburini, majembe begani. Baba mdogo alisema mbele ya watu wote kwamba mtoto mwenye uchungu na mzazi hukimbia.

Zubeda alikwenda kwa mama yake, akamsimulia yote: jinsi fundi alivyoyabandua macho ya gari na kuyarudisha, jinsi yalivyodhani bado yako pale pa zamani, yule mama na vitunguu vyake, na ule mwendo wa kufuata lori la mkonge. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, leo nimezika mmoja. Ulitaka nizike watatu?"

Baba mdogo aliinamisha kichwa.

Watu walipotawanyika, mama aliwashika mkono wanawe akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Zubeda aliusawazisha kwa kiganja, polepole, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa, akasema hajui kama baba atamsamehe kwa kuchelewa.

"Umefika, mwanangu, na mdogo wako umemfikisha," mama akasema. "Jicho likibanduliwa hufunzwa njia upya."