Breki Inafunga

Hata arobaini ya babu yenu haijapita, mmeshalikokota lile dude la pikipiki kutoka bandani, mmelipangusa vumbi, na sasa mnataka kujua kwa nini breki yake ya mbele imezungushiwa waya isishikike. Mngemuuliza mwenyewe alipokuwa hai. Lakini hapana, mmengoja azikwe ndipo mje kumsumbua mjane wake. Na mnajua kabisa mimi sipeleki maneno ya watu. Mtu akiniambia nisalimie fulani, namjibu una miguu, nenda. Haya, kaeni. Saumu, hiyo simu iweke chini, la sivyo nanyamaza.

Hapo zamani, pikipiki za mlima huu zilipokuwa za kuhesabu kwa vidole, palikuwa na watu watatu: mpiga ngoma, fundi, na mkaanga mihogo. Kila mmoja alikuwa na kosa lake. Sikilizeni, halafu mtahukumu ninyi, maana waliohukumu mwanzo walihukumu vibaya.

Mpiga ngoma aliitwa Hoza. Arusi isiyokuwa na mikono ya Hoza, watu walikula pilau wakaondoka. Alikuwa na pikipiki aliyoachiwa na baba yake, kuukuu hata wakati ule, nyeusi, tangi lake lina mstari wa dhahabu. Kila kitu chake kilikuwa kizima isipokuwa breki ya mbele. Ilikuwa haifungi, na ya nyuma peke yake haikutosha mlimani. Hoza akishuka mlima huu alishuka na miguu miwili chini, anakwangua barabara kama kuku. Akamaliza jozi tatu za viatu kwa mwaka mmoja.

Fundi aliitwa Singano, rafiki yake wa tangu kutahiriwa. Singano akamwambia atoe gurudumu lile la mbele, aweke la kisasa lenye breki ya sahani. Hoza akakataa. Akasema akibadilisha gurudumu leo, kesho atabadilisha tangi, na mwisho atakuwa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine akiiita ya baba yake. Basi Singano akaifungua ile ile ya zamani. Ndani ya gurudumu mna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma mna viatu viwili. Ukikamata breki, viatu vinatanuka vinaishika ngoma. Ngoma isiyopigwa na viatu visivyovaliwa, ndiyo mambo ya mafundi hayo. Viatu vilikuwa vimelika hadi kwenye chuma. Singano akavibandika bitana nene ya lori, ile ngozi inayosugua ngoma. Hoza akasema haitoshi, anataka breki inayong'ata. Singano akamwonya kwamba breki ya kizee haitaki kulazimishwa. Hoza akamcheka, akamuuliza tangu lini fundi akawa mwoga wa kazi yake. Basi Singano akarefusha na ule mkono wa chuma unaovutwa na waya, kwa upana wa vidole vitatu, ili uvute kwa nguvu.

Siku ya Alhamisi akaijaribu pale tambarare mbele ya karakana. Akaishika breki kidogo tu. Gurudumu likaganda, Singano akaruka juu ya usukani akaangukia kiwiko. Akainuka, akajipangusa, akajua kilichobaki: kuzichonga kwa tupa kingo za bitana ziwe na mteremko, ili viatu viishike ngoma taratibu. Lakini kabla hajashika tupa, akaletewa habari ya msiba wa baba mkwe wake kule Bumbuli. Akafunga mlango wa karakana, pikipiki akaiacha nje chini ya turubai, kisha akamwendea mwanamke aliyekuwa akikaanga mihogo hapo jirani.

"Hoza akija, mwambie breki inafunga. Nitarudi Jumatatu."

Mwanamke huyo ni mimi. Msinitazame hivyo, na mimi niliwahi kuwa msichana.

Jumamosi asubuhi Hoza akaja, ngoma zake zimeshatangulia Mombo kwa lori, arusi inamngoja. Pale kwangu palikuwa na watu wamejaa. Akachukua kipande cha muhogo, akatafuna, akawaambia watu kwamba mihogo ya Mwantumu ingefaa kuzibia pancha. Watu wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi nikainamia karai langu.

Halafu akauliza Singano kaacha neno gani.

"Kasema breki inafunga," nikamwambia.

"Inafunga?"

"Inafunga."

Mmeona? Breki iliyokuwa haifungi, sasa inafunga. Mtu gani asingefurahi? Akalitoa turubai, akapanda, akaondoka anapiga mluzi. Kona ya kwanza chini ya msikiti akakuta mbuzi barabarani, akaishika breki kama alivyozoea kuishika mwaka mzima, kwa nguvu zote. Ikafunga. Ule mkono wa kulia ulioishika ndio uliotangulia kwenye mawe. Hospitalini wakamwokolea mkono, vidole wakashindwa. Vikakauka vimekunjwa hivyo hivyo mlivyoviona, na breki ikazungushiwa ule waya isishikike tena. Arusi ya Mombo ikachezwa kwa makofi.

Mzee Shekalaghe akaita kikao. Tukakaa watatu mbele ya wazee.

Singano akasema: "Nilifanya kosa, niliacha kazi nusu. Lakini sikuikabidhi. Nilisema inafunga, na nilimaanisha inaganda. Ningekuwa nimeimaliza, si ningesema imekwisha?"

Hoza akasema: "Nilifanya kosa, sikuijaribu tambarare. Lakini niliuliza mara mbili. Mara mbili nikaambiwa inafunga."

Nikasimama na mimi. Nikasema: "Nilifanya kosa, sikuuliza maana. Lakini neno nililipeleka kama lilivyo. Sikulipunguza, sikuliongeza."

Wazee wakatikisa vichwa. Wakasema binti huyu hana hatia, mjumbe mwaminifu ni huyu. Wakamgeukia Singano. Wakasema mtu ambaye breki yake imevunja mkono wa mpiga ngoma hawezi kuendelea kushika chombo cha mtu mlimani hapa. Afunge karakana. Neno lile lile, na safari hii kila mtu alilielewa. Akahamia Korogwe na mkewe, tupa yake kwenye kapu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopanyamazia.

Siku ile ya Alhamisi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye karai langu. Nilimwona Singano akiruka juu ya usukani. Nilicheka mimi. Nilimpa maji ya kuoshea kiwiko. Nilijua inafunga maana yake nini. Na Jumamosi Hoza aliponiuliza mara ya pili, lilinijia mdomoni kabisa: imemwangusha Singano juzi, kaka, isukume. Nikasikia bado kuna mtu anachekea mihogo yangu. Nikasema neno moja tu. Nilitaka aanguke kidogo, achafue lile shati lake la arusi.

Baada ya miezi minne Hoza akaja kuniposa. Akasema mlima mzima, mimi peke yangu ndiye niliyemwambia lililosemwa. Nikakubali, nikidhani nitamweleza tukishazoeana. Miaka thelathini na minane nimemkatia nyama, nimemfunga vifungo. Ngoma ikisikika upande wa pili wa bonde, aliuweka ule mkono juu ya goti, vidole havitikisiki, akasema Singano ndiye aliyeuua. Mwaka juzi ililetwa habari kwamba Singano kafa. Babu yenu akakataa kwenda kumzika. Mimi nilifunga kanga zangu za safari, nikakaa nazo mapajani hadi adhuhuri, nikazifungua.

Na siku ile ya mwisho, mmetoka wote kwenda kuswali, alinishika kwa ule mkono usioshika. Akaniambia, "Ahsante, mama Mdoe. Wewe hukuwahi kunificha neno."

Nikamjibu, "Pumzika."

Basi hukumuni. Yuko aliyetaka breki ing'ate, yuko aliyesema neno nusu, na yuko aliyelijua lote akalipeleka nusu. Mmoja alilipa kwa mkono wake, mmoja kwa karakana yake. Je, nani kati ya hao alistahili kupewa ahsante ile, na kuishi nayo?