Chui Achagua Pama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolazwa na njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Palikuwa na jabali. Penye jabali palikuwa na ufa, na ndani ya ufa mlikuwa na roho nne, Pimbi na wanawe watatu. Ziangalieni sana roho hizo, maana ndizo zinazotakiwa kuliwa leo. Na wewe uliyejiegemeza ukutani, ukilala sikuamshi.

Huyo Pimbi alikuwa muuza kofia. Usicheke. Lori la mitumba lilikuwa likipanda mlima, kamba ikakatika, belo moja likaanguka, biringi, biringi, biringi, mpaka puu! mlangoni kwake. Alipolipasua akakuta kofia tupu. Akazipanga juu ya jabali, wanyama wakawa wanakuja kuchagua. Ngedere alichukua moja, nungunungu alichukua moja ikatoboka siku ile ile. Kobe alirudishwa, akaambiwa ya kwake anayo.

Siku moja, jua liko utosini, akaja Chui.

Pimbi alipomwona, akaziba mlango wa ufa kwa mgongo wake. Chui hali kofia. Chui hula pimbi, hilo hata mtoto wa jana analijua.

Chui hakusalimu. Alikaa kando ya dimbwi lililokuwa mbele ya jabali, akaanza kueleza shida yake. Gari la sinema lilipokuja kijijini mwaka uliopita, watu wakatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, yeye alijilaza kichakani nyuma ya shuka akatazama mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa sinema ya zamani, ya picha nyeusi na nyeupe bila rangi nyingine. Mle mlikuwa na bwana mmoja mwenye kofia ya pama, imeinama, imefunika jicho. Bwana yule akiingia mahali, watu hunyamaza. Akikohoa, watu humpisha. Tangu siku hiyo Chui hakuwa na raha. Madoa anayo, meno anayo, lakini yeye akiingia mahali watu hukimbia, hawanyamazi. Akasema si kitu kimoja hata kidogo, na akataka pama kama ile, leo leo.

Pimbi akauliza kwa sauti nyembamba atalipwa nini.

Chui alifikiri vizuri kabla ya kujibu, maana hakuwa mwongo. "Nikiipata nitafurahi, na mimi nikifurahi husikia njaa. Nikiikosa nitahuzunika, na mimi nikihuzunika husikia njaa. Una watoto humo ndani?"

"Sina," alisema Pimbi.

"Mama, nani huyo?" akauliza kitinda mimba kutoka ndani ya ufa.

Moyo wa Pimbi ukafanya ndu, ndu, ndu. Ufa ule haukuwa na kina, mkono wa Chui ungefika mpaka mwisho. Salama ilikuwa kwenye jabali la pili, lenye tundu jembamba, lakini baina ya ufa na tundu palikuwa na uwanja mtupu wa hatua kumi, wote upande wa kushoto wa Chui, na jicho la Chui likiuona. Pimbi aliona tayari amekwisha. Akajiambia, maadamu anachagua hajala. Basi achague, achague mpaka Mungu alete jingine.

Akatoa kofia ya kwanza, ya majani makavu, kingo pana. Chui akaivaa. Akajitazama majini, akageuka huku, akageuka kule.

"Siye," akasema. "Huyu ni mlinzi wa shamba la mpunga."

Moyo wa Pimbi ukafanya ndu, ndu, ndu.

Akatoa kofia ya pili, nyeusi, ngumu. Ilikaa katikati ya masikio ya Chui kama kifuniko cha chupa. Akajitazama majini, akageuka huku, akageuka kule.

"Siye. Na njaa imeanza."

Ndu, ndu, ndu.

Pimbi akatoa kofia ya tatu. Ilikuwa ya kijivu, ina bonde juu na utepe mweusi kiunoni. Ili kumvisha ilimbidi apande kwenye jiwe lililokuwa karibu na mdomo wa Chui, na pale juu alisikia pumzi yake, yenye harufu ya mbuzi wa jana. Akayakunja masikio, moja baada ya jingine, akaishusha kofia polepole. Chui akajitazama majini. Hakugeuka huku wala kule. Aliyasogelea maji mpaka ndevu zikalowa.

"Karibu ndiye," alisema Chui. "Iinamishe."

Pimbi akaiinamisha kulia. Yeye naye aliiona sinema ile, lakini aliitazama kutoka juu ya mwamba, upande walikokaa watu, na bwana yule alifunika jicho la kulia.

Chui akanguruma. "Kushoto. Nilimwona kwa macho yangu."

Pimbi akafungua kinywa amweleze kwamba anayetazama shuka kwa nyuma huona kulia kumekuwa kushoto. Akautazama ufa. Akautazama uwanja. Akafunga kinywa.

"Kushoto, bwana mkubwa. Nilikuwa nimesahau." Akaivuta kofia kushoto, akaivuta tena, mpaka jicho likapotea lote. Kisha akasema kwa sauti kubwa, ufa usikie, kwamba jicho la kushoto sasa halioni kitu, na ndivyo mtindo ule unavyotaka.

Mtoto wa kwanza akatoka, pyu! Akavuka, akaingia tunduni. Pimbi akawa anausifu utepe. Mtoto wa pili akatoka, pyu! Pimbi akasifu bonde. Hakujua anasema nini, midomo ilikwenda yenyewe. Wakati huo swala na ngiri walikuwa wamefika ng'ambo ya dimbwi kunywa maji. Wakamwona Chui, wakaganda. Hawakukimbia, kwa sababu hawakumjua ni mnyama gani.

"Wamenyamaza," Chui alinong'ona. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Mtoto wa tatu, yule mwenye maswali, akatoka. Katikati ya uwanja akakanyaga kokoto. Ki, ki, ki, chubwi! ndani ya maji.

Shingo ya Chui ikaanza kugeuka.

"Bwana mkubwa," alisema Pimbi upesi, "yule bwana walipiga bunduki nyuma ya mgongo wake. Aligeuka?"

Shingo ikasimama. "Hakugeuka."

"Swala wanatazama."

Chui akakaa vile vile, macho mbele, au jicho mbele niseme. Kitinda mimba akatambaa, akatambaa, akafika. Pimbi aliona kisigino cha mwisho kikiingia tunduni ndipo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe bado amesimama chini ya mdomo.

"Nimefurahi sana," alisema Chui. "Sasa sogea."

"Bwana mkubwa, ukiniruka itaanguka. Na ya yule bwana haikuanguka hata mara moja." Akaunyoosha utepe. "Mwisho wake alifanyaje?"

Chui akafikiri. Akaeleza kwamba mwisho wake bwana yule aliwapa watu wote mgongo, akaenda zake polepole, bila kutazama nyuma. Ng'ambo ya dimbwi hakuna aliyepumua. Njia ya mtoni ilikuwa upande wa kulia. Chui aliitazama njia, akamtazama Pimbi, akaitazama njia tena. Mate yalikuwa yanamdondoka.

"Basi nitarudi kesho," alisema.

"Yule bwana alirudi?"

Chui akaishika pama kwa kucha. "Hakurudi," alisema. "Sinema iliisha."

Akainuka, akawapa mgongo, akaenda zake polepole. Alijigonga kwenye mti wa upande wa kushoto, akaiweka sawa kofia, akaendelea. Pimbi alimtazama mpaka mkia ukapotea, kila hatua akingoja ageuke. Hakugeuka. Ndipo Pimbi akakimbilia tunduni, akawapapasa wanawe kichwa kwa kichwa, akalia.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni, kilichopungua nidaini mimi.

Na funzo lake mlishike, wanangu. Muuzaji mwema humwambia mteja ukweli wote, hata mteja akiwa amekosea kushoto na kulia. Pimbi hakusema ukweli, na mtazameni, mpaka leo hana mkia. Ana watoto watatu tu.